Huwa Paka, Hasa Jioni

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda huo nimesahihisha watu wengi kuliko walioniomba. Nimesahihisha kadi za arusi, kibao cha kinyozi, tangazo la mazishi, na mara moja dua ya jirani akiwa bado ameinua mikono. Naijua tabia yangu na sijivunii, ingawa kile kibao cha kinyozi kilihitaji msaada kwa kweli. Hata hivyo, kosa kubwa zaidi la lugha nililowahi kuliona hapa Isiolo nililifanya mimi mwenyewe, nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, na lilimwangukia binti wa kaka yangu.

Binti huyo alikuja kuishi nami hapa mtaa wa Wabera alipoingia kidato cha kwanza. Baba yake ni mtu wa ngamia huko Sericho, na ngamia na shule hawapatani: ngamia huhama, shule haihami. Alikuwa mtoto mtulivu, msafi kupita kiasi, na mwenye kupenda kukaa juu ya vitu. Juu ya ukuta wa ua, juu ya tangi la maji, juu ya kabati ikiwa sipo. Nilidhani ni mambo ya mtoto aliyekulia mahali pasipo na viti. Alipomaliza kidato cha nne alipata alama nzuri zaidi katika Bayolojia kuliko katika Kiswahili, jambo nililolimeza kimyakimya, akaitwa kwenye chuo cha uuguzi.

Miezi ile ya kungoja chuo ndiyo iliyonizeesha. Alasiri moja tulikuwa uani tunachagua mchele, yeye na ungo wake, mimi na wangu. Akaacha kuchagua.

"Anti," akasema, "nataka ujue kitu. Mimi niko paka."

Nitakiri jambo la aibu. Kilichoniudhi kwanza hakikuwa paka. Kilikuwa ni "niko". Nikamwambia kwamba niko ni ya mahali: niko nyumbani, niko sokoni, niko njiani. Kila siku nawapigia kelele wanafunzi wa mji huu wanaoniambia niko mgonjwa, niko Mborana, niko namba tatu darasani, halafu narudi kwangu nakuta niko paka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, basi mimi ni paka. Nikamjibu kwamba sasa sarufi imekaa sawa, kwa hiyo tunaweza kuingia kwenye uongo wenyewe.

Hakucheka. Akaanza kunieleza polepole, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa ameyapanga maneno yake siku nyingi. Hakusema mwili wake ni wa paka. Mwili anaujua, ameusoma, anaweza kukutajia mifupa yake yote. Alisema kwamba ndani, pale mahali mtu anapojihisi kuwa ni yeye, yeye tangu utotoni amejihisi paka. Masikio yanataka kugeuka upande wa sauti na hayageuki. Kuna mkia anaoutafuta akitaka kuruka, na haupo. Akaniuliza kama sijawahi kusukuma miwani puani huku nimeivua. Nimewahi, mara nyingi, lakini sikuona ni kwa nini miwani yangu iingizwe katika jambo hilo. Siku nyingine hisia hiyo ni ndogo, akasema, na siku nyingine ni kubwa mpaka inamchosha.

Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha haya. Hapo akatoa simu.

Kumbe wapo wengi. Wamejazana mtandaoni, wengi wao watu wa nchi za baridi, na wenyewe hujiita therian, neno nililolitafuta katika kamusi zangu zote nisilipate. Wapo mbwamwitu, wapo tai, yupo mmoja anayesema ni pomboo na anaishi mbali na bahari, masikini. Paka ndio wanaojaa tele. Niliomba kusoma nikitarajia wazimu, nipate pa kuanzia kugomba. Nilichokuta kilinichosha kwa namna nyingine. Ni watu wa adabu. Wanaulizana kama mtu amelala vizuri, kama amekula, kama ameongea na daktari. Paka mmoja ni mhasibu. Mwingine ana wajukuu. Halafu wanabishana juu ya maneno: nani ni mnyama kwa ndani, nani anapenda wanyama tu, nani anavaa vazi la mnyama kwa burudani na hivyo asichanganywe nao. Kurasa na kurasa za kutenganisha neno hili na lile. Nilikuwa nimekaa kwenye vikao vya walimu wa lugha vilivyokuwa legelege kuliko hivyo. Sikumwambia kwamba sehemu ile ilinivutia.

Nilimwambia mengine. Paka gani anayechaji simu? Paka gani anayeogopa panya? Maana alikuwa anamwogopa panya, huyu paka wetu, na panya akiingia jikoni ni mimi niliyekuwa nashika fagio. Paka gani atakwenda kutunza wagonjwa, ilhali paka hajali kama umekufa au umelala? Kwa kila swali alikuwa na jibu, tena la upole. Alisema hata watu wapo wanaoogopa watu. Mtu akikujibu kwa hasira unaweza kumshinda, lakini huyu alinijibu kana kwamba mimi ndiye mgonjwa wake wa kwanza.

Basi tukaishi hivyo. Nikajiambia litapita, kama lilivyopita lile la kutokula nyama ya mbuzi. Sikumwambia mtu.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe. Jioni moja nilikuwa na insha arobaini na tisa za kusahihisha, kila moja ikianza na jua kuchomoza mashariki kana kwamba kuna siku limewahi kuchomoza kwingine. Akaja na simu yake. Katika lile kundi lao wametokea wengine wawili watatu wa Afrika Mashariki, na wanataka kila mmoja ajieleze kwa Kiswahili, sentensi moja tu. Yake ameiandika hivi: Mimi ninajitambulisha kama paka. Je, ni sawa?

Mtu mwingine angesema sawa, mwanangu, nenda. Mimi nikashika kalamu. Nikamwambia kujitambulisha ni kutaja jina lako mlangoni kwa watu, au kuonyesha kipande, yaani kitambulisho, kwa askari. Na hiyo "kama" inakufanya mfano wa paka, paka wa kuchora. Akasema basi aandike mimi ni paka. Nikakataa, kwa sababu hilo kwangu lilikuwa bado uongo, na sisahihishi uongo. Tukavutana. Nikakumbuka alivyosema kwamba hisia hiyo huja ikapungua, ikaja tena. Nikafurahi kama fundi aliyeona msumari wake. Nikamwambia: hilo ni jambo la mazoea, na mazoea katika Kiswahili yana kiambishi chake, hu. Yeye huwa mkali. Mimi huwa mchovu. Andika, mimi huwa paka.

Akaiandika. Akaitazama. Akaniuliza kama anaweza kuongeza hasa jioni, kwa sababu jioni ndipo hisia inapokuwa kubwa. Nikamwambia anaweza, ila aweke mkato baada ya paka.

Mimi huwa paka, hasa jioni. Sarufi safi kabisa. Nikarudi kwenye jua langu linalochomoza mashariki.

Yeyote aliyenyonya lugha hii, au hata aliyejifunza kwa kuokota sokoni, anajua maana nyingine ya sentensi hiyo. Mimi, mwenye shahada, sikuiona. Binti akaiweka kwenye stetasi ya simu yake, ambako iliwafikia wote wenye namba yake: wanafunzi wenzake wa zamani, binamu zake wa Chechelesi, mwenye duka, mwenye kibanda cha unga. Wote wakasoma kwamba binti anayekaa kwa mwalimu hugeuka paka, na kwamba wakati wake ni jioni.

Siku ya tatu jirani yangu alibisha hodi. Ni mama Mmeru, muuza miraa, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, na ni rafiki yangu wa miaka mingi. Alikataa kuketi, na hilo peke yake lilinitisha. Akasema kuna paka aliingia jikoni kwake juzi magharibi akabeba nyama.

"Mwalimu, mimi sina neno na hii mtoto yako," akasema. "Lakini akisikia njaa, akuje tu na mlango. Nitampatia."

Alikuwa anasema kweli, kutoka moyoni, na hakuwa anatania. Nilimweleza. Nilimweleza hu ya mazoea, nikamtolea mifano, nikamchorea kwa kidole juu ya meza. Akanipigapiga mkono, akasema atatuombea, akaenda zake. Baada yake akaja mama mwingine na chupa ya maji yaliyosomewa Kurani. Huyu naye nikamshukuru, nikamweleza, akaniambia lisemwalo lipo. Wiki ile nilieleza kiambishi hu kwa watu wengi kuliko niliowafundisha muhula mzima, na hakuna hata mmoja aliyeelewa. Watoto wa mtaa wakawa wanamfuata paka wa buchari wakimwamkia shikamoo. Nami nilimwambia binti afute ile stetasi, akafuta, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Ningeweza kuyavumilia hayo yote. Watu wa mji huu husahau, wakipata la mwingine. Tatizo lilikuwa kitambulisho.

Chuo kilikuwa kimetoa tarehe ya kuripoti, na bila kitambulisho, au angalau ile karatasi ya kusubiri inayoonyesha kwamba umeomba, hawakusajili. Siku hizi tunaambiwa mambo yamerahisishwa. Wakati huo, mtoto wa watu kama sisi, wa jamii za huku, alikuwa hapewi fomu mpaka asimame mbele ya wazee. Wazee wanamuuliza yeye ni wa ukoo gani, babu yake ni nani, babu wa babu yake ni nani, wapate kujua kwamba ni Mkenya na si mtu aliyevuka mpaka juzi. Mzee mmoja akiwa na shaka, unarudi nyumbani, ungoje kikao kingine, na kikao kingine kilikuwa baada ya tarehe ya chuo. Nafasi ile angepewa mtu mwingine. Kaka yangu alikuwa ameiombea nafasi ile miaka minne, na mimi vilevile.

Nikampigia. Kumpata mtu Sericho wakati wa kiangazi ni kazi. Ilibidi apande kilima kutafuta mtandao, na nusu ya maneno yaliliwa na upepo. Alikuwa hawezi kuja, maji yamekauka na ngamia wamesogezwa mbali. Mimi ningesimama badala yake. Kisha nikamweleza habari ya paka, nikisubiri akasirike ili angalau tuwe wawili.

Akauliza kama binti anasali. Nikasema anasali. Kama anakula. Anakula. Akasema paka si najisi, anakunywa maji yako na bado unatawadha nayo. Huku kwetu, akasema, watu wakimsingizia mtu kwamba hugeuka, humsingizia fisi. Tushukuru.

"Mwambie tu avumilie mpaka apate kipande," akasema. Mtandao ukakatika.

Huo ndio uliokuwa msaada wa baba mtu.

Nikakaa na binti kumwandaa. Mambo ya ukoo aliyajua. Babake alimkaririsha tangu akiwa mdogo, majina saba kwenda juu, kisima chao, na alama ya moto iliyo kwenye shingo za ngamia wao. Nikamwambia wakiuliza habari ya paka, aseme ulikuwa mzaha wa vijana. Akasema haukuwa mzaha. Nikamwambia aseme hivyo hivyo. Akasema hawezi kusimama mbele ya wazee aseme uongo, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Nilimfundisha, ndiyo, lakini mtu hufundisha mambo mengi. Nikamuuliza kama anautaka uuguzi. Akasema anautaka kuliko kitu chochote. Nikamuuliza atawajibu vipi basi. Akasema atawaeleza kama alivyonieleza mimi, kwa utulivu, na wakielewa wataelewa.

Nilipandwa na hasira mpaka nikatoka nikaenda kusimama barabarani. Wazee wale, ambao hawakuelewa hu ya mazoea, waelezwe mkia usiokuwapo! Na chini ya ile hasira nilikuwa naogopa. Nilikuwa namwona akirudi Sericho na bahasha ya matokeo yake, akichota maji hadi aolewe, na watu wakisema ni yule aliyekuwa paka.

Siku ya kikao tulifika mapema. Wazee watano walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya meza ya shule, na chifu pembeni na muhuri wake. Tukatoa salaam aleikum, wakaitikia. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mkavu mwenye ndevu zilizopakwa hina, mtu mwema, ninayemheshimu mpaka leo.

Yale ya ukoo yalikwenda kama maji. Binti alitaja majina yake saba bila kusita, na jina la nne lilipotajwa mzee mmoja akaguna, kwa sababu alimjua mwana wa mtu huyo. Akataja kisima. Akachora alama ya ngamia mezani kwa kidole. Nilikuwa nimeanza kupumua. Kisha mwenyekiti akasukuma fimbo yake pembeni.

"Iko neno moja," akasema. "Watu ya Wabera wanasema hii msichana inakuwa paka jioni. Mimi sisemi ni kweli. Mimi nauliza tu." Akamgeukia. "Wewe ni nani?"

Nilimwona binti akivuta pumzi. Hakuwa na hofu. Alikuwa na ule uso aliokuwa nao siku ya mchele, uso wa mtu aliyepanga maneno yake. Akafungua mdomo.

Nikasimama mimi.

Nikasema huyu ni mtoto wa kaka yangu, mtu kama watu wengine. Nikasema ile sentensi si yake, ni yangu. Lilikuwa zoezi la lugha, nilikuwa namfundisha kiambishi, nikakosea neno, na watu wakalisoma vibaya kwa haki yao. Nikasema hakuna paka na hajawahi kuwapo, na msichana huyu hafikirii mambo hayo kabisa. Sikumtazama nilipokuwa nasema. Nilikuwa natazama muhuri.

Wazee wakacheka. Mmoja akasema kumbe hata walimu hukosea, na mwingine akasema amesubiri miaka mingi kusikia hilo, kwa sababu nilimfelisha mwanawe. Mwenyekiti akatabasamu, akaandika, chifu akapiga muhuri. Tuliambiwa twende dirisha la pili kuchukuliwa alama za vidole. Mbele ya wazee watano na chifu nilikuwa nimekiri kosa la lugha, mimi, na nilitoka pale nikijiona kama mtu aliyechinja fahali wake wa pekee kwa ajili ya mgeni.

Njiani alitembea mbele kidogo. Nilidhani ni furaha. Nikamwambia umeona, mambo ni kujua kuongea. Akasema ndiyo, anti.

Siku zilizofuata hakuwa na kosa lolote. Alipika, alifua, alinunua vitu vya orodha ya chuo: madaftari, sare, viatu vyeupe vya mpira. Akinijibu, alinijibu kwa maneno mazuri. Hakunionyesha simu tena. Hakupanda ukutani, wala kwenye tangi. Alikaa kwenye kiti kama nilivyokuwa nikimwomba miaka minne, magoti pamoja, mikono juu ya mapaja. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya tatu nilimwambia kiti kile ni kigumu, kwa nini asikae nje kwenye upepo. Akasema yuko sawa hapo. Nilitaka kusema "niko" ni ya mahali, nikaona kwamba kwa kweli alikuwa ametaja mahali.

Nikaanza kugomba, kwa sababu ndivyo ninavyofanya nikiwa na huzuni. Niligomba kuhusu sufuria. Niligomba kuhusu mlango. Nilimpigia kaka yangu kilimani nikamwambia mtoto wake hana shukrani, nimemfichia aibu mbele ya wazee na hata asante sijaisikia. Kaka yangu akauliza kama ameipata karatasi. Nikasema ameipata. Akasema basi kuna shida gani, na kwa upande wake hakukuwa na shida.

Asubuhi ya kuondoka nilimsaidia kufunga sanduku. Alikuwa ameweka ile karatasi ya kusubiri ndani ya bahasha ya plastiki, juu ya kila kitu, ili awe wa kwanza kuitoa mlangoni mwa chuo. Jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake, kata, kituo. Nilikuwa nimechoka na ile adabu. Nikamwambia waziwazi kwamba nimesimama mbele ya watu nikajidhalilisha kwa ajili yake, na anaondoka nyumbani kwangu bila hata kuniambia asante.

Akafunga zipu ya sanduku mpaka mwisho. Kisha akanitazama, bila hasira yoyote, na ningepokea hasira kwa mikono miwili.

"Asante, anti," akasema. "Waliniuliza mimi ni nani, ukajibu wewe."

Akabeba sanduku lake akatoka, kwa sababu gari lilikuwa linangoja. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba, na kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili nilikuwa natafuta kosa katika sentensi ile. Niliirudia neno kwa neno, tangu mwanzo, na halikuwapo.